MTAWALA HAKAI KWA BUNDUKI PEKE YAKE

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa Baraka na Fizi,

Watu wanauliza: Mobutu aliwezaje kutawala zaidi ya miaka 31 na nchi nzima inanung'unika? Wengi hujibu: alikuwa na askari. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1991, na tena 1993, askari wake wenye njaa walitoka kambini wakapora maduka ya Kinshasa. Naye bado alikaa kitini. Basi alishikwa na nini asianguke?

Kwanza, hofu. Alitwaa serikali tarehe 24 Novemba 1965. Tarehe 2 Juni 1966 aliwanyonga hadharani waheshimiwa wanne: Evariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walionyongwa ni wanne. Waliofundishwa kunyamaza ni mamilioni.

Pili, alivunja kila chama kisichotoka mkononi mwake. Hapa, wafanyakazi, tegeni masikio. Mwaka 1967 aliunda MPR, na mwaka ule ule sendika zote zikaunganishwa kuwa moja, ambayo baadaye ikafanywa kiungo cha MPR. Tangu hapo mfanyakazi mwenye kudai mshahara alibakiwa na mlango mmoja tu, na mwenye ufunguo ndiye yule yule aliyemnyima. Katiba ya 1974 ikamfanya kila raia kuwa mwanachama: mtoto hajajua kutambaa, keshakuwa mwana-MPR!

Tatu, mkate. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatwaliwe. Watu walipiga makofi. Lakini yalikwenda kwa nani? Kwa wakubwa wa chama na rafiki zao. Maduka yakawa matupu, na aliyepewa alijua kwamba aliyempa aweza kumnyang'anya kesho. Na vyeo vilikuwa hivyo hivyo. Nguza Karl-i-Bond alikuwa waziri, mwaka 1977 akahukumiwa kufa, akasamehewa, mwaka 1979 akawa waziri tena, na 1980 waziri mkuu! Mtu wa namna hiyo atamwambia nani ukweli?

Nne, rafiki wa ng'ambo. Vita vilipoingia Shaba mwaka 1977 waliletwa askari wa Morocco katika ndege za Ufaransa. Mwaka 1978 Wafaransa na Wabelgiji wakashuka Kolwezi. Shaba ni shaba, ndugu zangu. Wenye kuitaka hawakuuliza mchimbaji amekula nini.

Lakini sisi wa Fizi tusijisifu upesi. Ni kweli, milima yetu ilikataa tangu 1964, na Laurent-Désiré Kabila aliweka ngome yake Hewa Bora kwa miaka mingi. Mwezi Mei 1997 Mobutu akakimbia, na yule aliyetoka milimani kwetu akaketi Kinshasa. Alifanya nini? Mwezi ule ule serikali yake ilizuia kazi za vyama vya siasa, na amri ya tarehe 27 Mei ikatia mkononi mwake kutunga sheria na kuongoza serikali pamoja. Mwanawe Joseph naye muda wake ulikwisha Desemba 2016, akakaa hadi Januari 2019. Mwenye kiti aliondoka. Kiti kilibaki vile vile.

Wako watakaosema: huyu ni mtoto wa nyumbani, tumwachie. Neno hilo ndilo tamu kuliko yote, na ndilo lenye sumu. Tukiuliza tu nani ataketi, bila kuuliza nani atamzuia, tutabadili majina mpaka wajukuu wetu wazeeke.

Basi tufanye nini? Mtawala wa mabavu anaogopa kitu kimoja: watu waliokutana bila ruhusa yake na wenye sanduku lao wenyewe. Wachagueni wajumbe wa sendika kwa kura ya siri, msikubali bwana wa kampuni wala chifu awateulie. Daftari la michango lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Siku ya uchaguzi msirudi nyumbani mkiisha kupiga kura. Ngojeni hesabu ibandikwe kituoni, mwiandike, mlinganishe na ile itakayosomwa redioni.

Na ninyi makarani wenzangu, neno hili ni letu. Mwaka 1970 Mobutu alisimama peke yake, karatasi ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Hesabu ikatoka: ndiyo zaidi ya milioni kumi, hapana 157 katika Kongo nzima! Je, Mobutu alizunguka kila kituo kuandika hesabu ile kwa mkono wake? Hapana. Waliandika makarani, watu waliosoma shule kama sisi, wenye watoto na kodi ya nyumba kama sisi. Kalamu ni nyepesi kuliko bunduki, lakini bila kalamu ile bunduki haijui imwendee nani. Msitie sahihi karatasi tupu. Msiandike hesabu msiyoihesabu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu, tukutane, tuhesabu, tusimame pamoja.

Karani wa mgodi