Masisi na Walikale: kwa mgonjwa wa shinikizo la mapafu, kuongeza kilo si kupona kila mara

Huku Masisi na Walikale, mtu aliyekonda kwa kukimbia vita akianza kuongeza mwili, majirani humpongeza. Kwa mwenye shinikizo la damu kwenye mapafu, pongezi hiyo inaweza kuficha hatari. Kilo zinazoingia ndani ya siku chache huwa ni maji, si nyama.

Ugonjwa huu si ile tansio inayopimwa mkononi. Mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni hubana, na upande wa kulia wa moyo husukuma hadi unachoka. Hapo maji hujikusanya miguuni na tumboni. Mgonjwa huhema akipanda kilima kidogo tu, na Masisi ni vilima vitupu. Kuuthibitisha kunahitaji ekografia ya moyo, na mara nyingine mrija unaoingizwa hadi moyoni. Kutoka Masisi-centre hadi Goma ni kama kilomita 80, kwa barabara ambayo vita vimeifunga mara nyingi. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, kisha Goma. Machi ikachukua Walikale-centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mgonjwa anayekimbia bila vidonge vyake vya furosemidi, vile vya kutoa maji kwa mkojo, huanza kuvimba tena.

Ndiyo maana mizani ina thamani kubwa huku. Mgonjwa ajipime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo zilezile. Akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asisubiri: aende kituo cha afya.

Lakini mizani peke yake hudanganya. Mtu anaweza kupoteza misuli huku maji yakiongezeka, na kilo zikabaki zilezile. Mabega yamekonda, tumbo limejaa. Isitoshe, mahali ambapo njaa imezoeleka, miguu iliyovimba hufikiriwa upesi kuwa kwashiorkor. Kwa mtoto mara nyingi ni kweli. Kwa mtu mzima anayehema akilala chali na kuvimba mishipa ya shingo, moyo uchunguzwe kwanza.

Na unene? Unene mkubwa hukwamisha pumzi usingizini, oksijeni hushuka, mishipa ya mapafu hubana zaidi. Aliyenenepa kupita kiasi anafaa kupungua polepole. Hata hivyo, shauri la «punguza uzito» linalosomwa kwenye simu liliandikwa kwa nchi zenye chakula tele. Tafiti za huko huko zimeona kwamba wagonjwa waliokonda sana mara nyingi huishi muda mfupi kuliko wenye mwili kiasi. Kumnyima mkimbizi chakula kwa jina la tiba ni kosa. Cha kupunguza ni chumvi, kuanzia makayabu: iloweshwe, maji yamwagwe, au iachwe kabisa. Maharagi na sombe visivyo na chumvi nyingi vibaki mezani.

Utafiti wa PAPUCO kuhusu ugonjwa huu Afrika ulifanyika Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, Kongo haikuwemo. Kwa wagonjwa wazima wengi, chanzo kilikuwa upande wa kushoto wa moyo, ambao dawa za kawaida husaidia. Mizani ya watu wazima tayari hutumika kupima wajawazito kliniki. Mgonjwa wa moyo naye anaweza kupandishwa juu yake, kilo zake zikaandikwa kwenye daftari atakalobeba hata akikimbia.