Kura 195 Bungeni, na Mswada Ukafa

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Kwa hesabu za Bunge, mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini siku hiyohiyo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, vijana wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatautia sahihi.

Ndugu msomaji, wabunge hao tuliwachagua wenyewe. Mbona basi kura yao haikutosha?

Katiba tuliyoipitisha kwa kura ya maoni mwaka 2010 yasema katika Kifungu cha 1 kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Bunge limewekewa amana tu, na aliyewekewa amana huulizwa. Kifungu cha 118 nacho chalitaka Bunge lishirikishe umma linapotunga sheria.

Wako wasemao kila sheria ikingoja ridhaa ya kila mtu, nchi haitakwenda. Ni kweli. Na mahakama zenyewe zimetofautiana: Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufani Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba. Lakini sheria yaweza kuwa halali mahakamani na bado ikawa ngeni kwa wanaoilipia.

Sisi Waislamu wa Pwani twajua uzito wa ridhaa. Mwaka 2010 Mahakama za Kadhi zilipigwa vita, wengine wakahimiza Katiba yote ikataliwe kwa sababu yake. Wakenya wakaamua debeni, takriban asilimia 67 wakasema ndiyo. Leo hakuna awezaye kusema mahakama hizo ziliingizwa kwa mlango wa nyuma.

Tukumbuke pia mkate. Mswada ule wa 2024 ulitaka kuutoza VAT ya asilimia 16. Watu wakapiga kelele, na pendekezo likaondolewa kabla ya kura. Kumbe wakitaka kusikia, husikia.

Kwa hivyo maoni yakiitishwa, tusibaki barazani tukinung'unika juu ya kahawa. Twende, tuseme, tuandike. Na mbunge naye arudi atwambie: maoni gani yalichukuliwa, yapi yalitupwa, na kwa nini. Asiyeweza kutujibu hilo asishangae watu wakiikataa sheria aliyoipitisha kwa jina lao.