Daftari la Wiki: Jua la Lengai, Jua la Dunguni

Jumatatu, Kibiti

Mapaja bado yananiuma. Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa kileleni Ol Doinyo Lengai, mita 2,962 juu ya usawa wa bahari. Leo nimerudi nchi tambarare, ambako mtu akitaka kuona mbali hupanda dungu la kulindia shamba.

Safari ya Lengai huanza kijijini Engare Sero usiku wa manane, maana mlima ule hauna kivuli wala chemchemi, na jua la Bonde la Natron likishapanda halina huruma. Kila mtu hubeba maji yake. Sehemu ya juu ni majivu yaliyoshikana na mawe yanayomeguka. Unatambaa kwa mikono na miguu, na dunia yako yote ni duara la mwanga wa tochi. Nilipotaka kuketi, kijana wa Kimaasai aliyetuongoza alinikataza: "Pumzika umesimama, mzee. Ukikaa baridi itakuingia."

Tulifika kabla ya saa kumi na mbili. Mstari wa manjano ukachora ukingo wa mashariki, mlima Gelai ukajitokeza mweusi, kisha Ziwa Natron likaanza kung'aa chini yetu. Wakati huohuo, mgongoni kwetu, kasoko lilikuwa likitoa mlio wa kitu kinachochemka. Sijui macheo mengine yanayotazamwa hivyo, jua mbele na moto wa ardhi nyuma.

Lava kama ya Lengai haitoki kwenye volkano nyingine yoyote iliyo hai leo. Imejaa kaboneti za sodiamu, hutiririka nyeusi na nyepesi kama oili chafu kwa joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava za kawaida, na ikishanyonya unyevu hugeuka nyeupe. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ulipolipuka mwaka 2007 ulirusha majivu, na wafugaji wa chini wakaona malisho yao yakifunikwa.

Jumanne

Nimesahau kutaja nyayo. Karibu na Engare Sero zipo alama zaidi ya 400 za miguu ya watu waliopita juu ya tope la majivu, maelfu ya miaka iliyopita. Vidole vinahesabika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kileleni.

Alhamisi, delta ya Rufiji

Boti kutoka Nyamisati, halafu mtumbwi, mpaka kwenye mpunga wa shangazi yangu. Dungu lake limesimama juu ya nguzo. Humo analala, anapika, anafukuza ndege mchana na kusikiliza viboko na nguruwe usiku. Tuliamka gizani. Jua likachomoza upande wa kisiwa cha Mafia, likapita juu ya mikoko, maji ya mkono wa mto yakawa shaba.

"Kwa hiyo mwanangu, ulipanda usiku kucha kulifuata hilihili?"

Nikamweleza habari za majivu. Hakucheka. Aliuliza, "Na hayo majivu, yanaota kitu?"

Yanaota, shangazi. Ruaha Mkuu huanzia kwenye milima ya Poroto na Kipengere. Poroto imejengwa kwa sehemu kubwa na volkano, na ziwa Ngozi limo ndani ya kasoko la mojawapo. Kwa karne nyingi mvua imeuosha udongo wa nyanda zile, mito ikaushusha mpaka Rufiji. Mlau, kilimo chetu cha kupanda maji yanapokauka, kimesimama juu ya tope hilo.

Ijumaa

Swali la shangazi halijaniacha. Desemba 2022 maji ya Rufiji yalianza kujazwa nyuma ya Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, nami siupingi. Lakini bwawa linalozuia maji huzuia na tope, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba ya Kibiti na Rufiji hayathibitishi kwamba rutuba bado inafika.

Nawaomba wapimaji wa udongo waje delta kila mwaka msimu wa mlau, wapime mashamba yaleyale, na majibu wayasome mbele ya wanakijiji wenyewe. Shangazi yuko dunguni mpaka mavuno.