Soka ya ng'ambo: Miguu i tayari, na mengineyo je?

Kila msimu wa michezo ya shule za upili unapowadia, swali lile lile huzuka katika vijiwe vya Shauri Moyo, kando ya soko la Burma na hata ng'ambo ya pili kwenye uwanja wa Kamukunji. Je, kijana fulani, ambaye chenga zake zimewashinda mabeki wa shule zote jirani, yuko tayari kwenda Ulaya kucheza soka ya kulipwa? Jibu la mtaa huwa moja tu: yuko tayari, mwacheni aende! Wazazi huanza kutafuta nauli, jirani huahidi kumleta mtu anayemjua wakala, naye kijana mwenyewe hulifunga daftari lake la hesabu asilifungue tena. Safu hii yashikilia kwamba jibu hilo hutolewa kwa pupa, na kwamba wanaolitoa huwa wameipima miguu ya kijana na kusahau kumpima kijana.

Isifikiriwe kwamba tunaibeza ndoto hiyo. La hasha! Eneo hili la Eastlands limekwisha kuthibitisha kwamba ndoto yenyewe si ya abunuwasi. Hatua chache tu kutoka Shauri Moyo, katika mtaa wa Muthurwa, ndiko walikokulia ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama, wana wa Noah Wanyama aliyewahi kuisakatia AFC Leopards. Wote wawili walisomea Shule ya Upili ya Kamukunji. Mariga alifika Inter Milan mwanzoni mwa mwaka 2010, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mdogo wake aliifungia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona mnamo Novemba 2012, na mwaka uliofuata Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Ni mwalimu gani wa michezo ambaye hajawataja ndugu hawa mbele ya wanafunzi wake?

Tatizo ni kwamba kisa chao husimuliwa mwanzo na mwisho, katikati pakarukwa. Mtoto husikia Muthurwa, kisha husikia Inter Milan, akadhani kati ya mahali hapo pawili pana safari moja ya ndege. Ukweli ni kwamba Mariga alikuwa amekwisha kukabana na watu wazima katika vilabu vya hapa nchini kabla ya kwenda Enköping, klabu ndogo ya Sweden, mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 18. Kutoka hapo alihamia Helsingborg, kisha Parma ya Italia mwaka 2007. Miaka mitano nzima ilipita kati ya Enköping na Inter.

Wanyama naye alimfuata kakake Helsingborg mwaka 2007. Kaka alipohamia Italia, mdogo hakukaa Sweden peke yake, aliondoka. Safari yake ya pili ilimpeleka Germinal Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008, ambako alikaa misimu mitatu kabla ya Celtic kumtaka. Hebu yatazamwe hayo kwa makini. Huyu alikuwa na kipawa kilichokuja kuthaminiwa kwa mamilioni ya pauni, alikuwa na baba aliyeujua mchezo, alikuwa na ndugu wa toka nitoke aliyemtangulia ugenini. Na hata hivyo alipanda ngazi kidato baada ya kidato. Ikiwa yeye alihitaji hayo yote, yule asiye na lolote kati ya hayo atafikaje kwa kuruka?

Wapo watakaotujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Watasema kwamba vilabu vya Ulaya huwalea watoto tangu wakiwa na umri wa miaka minane au tisa, na kwamba kijana wetu akichelewa hadi miaka 20 atakuwa amekwisha kukauka. Hoja hii ina uzito wake, nasi hatutaipuuza. Mchezo hufunzwa mapema, na miaka ya mwanasoka ni michache. Lakini methali hiyo yasema samaki akunjwe. Haisemi atupwe katika bahari asiyoijua. Mtoto wa Ulaya anayelelewa na klabu hulala kwao, huenda shule ya karibu, huongea lugha aliyonyonya kwa mamake. Wetu tunataka akunjwe ugenini, katika baridi, kwa lugha asiyoielewa, na kocha ambaye kesho aweza kufutwa.

Wenzetu walioendelea katika biashara ya michezo walikwisha kulitambua jambo hili. Chukua mfano wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, ambao ligi yake kuu duniani, NHL, iko Marekani na Kanada. Kila mwaka vilabu vya ligi hiyo huchagua vijana wa miaka 18, wakiwemo wa kutoka Sweden, Finland na Ucheki. Kuchaguliwa, hata hivyo, si kuitwa kazini. Mara nyingi klabu humwacha kijana kwao mwaka mmodi, miwili au hata zaidi, acheze na watu wazima wa nchi yake, kwa sababu inajua kwamba mchezo wa ng'ambo si ule ule aliouzoea. Kwa desturi viwanja vya Ulaya vimekuwa na upana wa karibu mita 30, ilhali vya NHL ni karibu mita 26. Mita hizo nne zinapopungua, mchezaji hupungukiwa na nafasi na wakati wa kufikiri, na yule aliyekuwa fundi kwao hujikuta amebanwa ukutani. Hao ni watu wenye fedha, madaktari na wataalamu wa kila aina, na bado husubiri. Sisi tusio na hayo twaharakia nini?

Sheria nayo yasimama upande wa subira. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zimepiga marufuku uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18, isipokuwa katika hali chache maalum, kama vile mzazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka. Mwaka 2009 kamba ilikazwa zaidi, ikawa kila ombi la aina hiyo lazima liidhinishwe na kamati maalum. Barcelona yenyewe, pamoja na ukubwa wake, iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kuikiuka kanuni hiyo, ikazuiwa kusajili wachezaji katika vipindi viwili vya uhamisho. Kwa hivyo mtu anayefika katika nyumba ya mzazi wa Shauri Moyo akisema ana nafasi Ulaya kwa mtoto wa kidato cha pili, na kwamba kinachohitajika ni fedha za viza tu, ama haijui sheria ama anaijua vyema na anatarajia mzazi asiijue. Katika hali zote mbili hafai kukabidhiwa mtoto, sembuse fedha.

Tuje sasa kwenye suala la masomo, ambalo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Imejengeka dhana kwamba kalamu na mpira ni mitala wasioweza kukaa nyumba moja. Michael Olunga ameivunja dhana hiyo. Alisomea Shule ya Upili ya Upper Hill, akaendelea na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akisakata soka ya ligi. Mwaka 2015 alikuwa mshambulizi wa Gor Mahia iliyotwaa ubingwa wa Kenya bila kushindwa hata mechi moja. Ni baada ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 21, ndipo alipoelekea Djurgården ya Sweden. Je, alichelewa? Januari 2018 aliifungia Girona mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania, na mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akatawazwa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Hivi majuzi, mwaka 2025, Ryan Ogam alijiunga na Wolfsberger ya Austria kutoka Tusker akiwa na umri wa miaka 20, baada ya kufunga bao lililoizamisha Morocco pale Kasarani katika mashindano ya CHAN. Waliokawia kidogo hawakuachwa na gari.

Elimu hapa si ya kujikinga na siku mbaya pekee, ingawa goti laweza kuvunjika wakati wowote. Elimu ni sehemu ya utayari wenyewe. Kandarasi huandikwa kwa lugha ngumu. Atakayeitia sahihi lazima aweze kuisoma, kuuliza maana ya kifungu, na kukataa. Mshahara hukatwa kodi, wakala huchukua sehemu yake, na benki ina masharti. Kijana asiyeweza kukokotoa asilimia kumi ya mapato yake mwenyewe hawezi kusemwa kuwa yuko tayari kulipwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yetu ni ya njaa. Mzazi anayeishi katika chumba kimoja, anayedamka alfajiri kwenda kuuza mitumba Gikomba, atatuuliza: mwanangu asubiri hadi lini, na nani atatulisha tukisubiri? Ligi yetu ya nyumbani mara nyingi hulipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hatuna jibu jepesi kwa mzazi huyo, wala hatumlaumu. Tunalosema ni kwamba umaskini huongeza hatari ya haraka, haupunguzi. Mwana wa tajiri akikwama ugenini, babaye atamtumia tikiti arudi. Mwana wa maskini aliyeuziwa mali yote ya nyumbani ili asafiri hana nauli ya kurudia wala ujasiri wa kurudi mikono mitupu. Ndiyo maana yeye hasa ndiye anayehitaji kandarasi kabla ya safari, bima ya matibabu, na jina la mtu atakayempokea.

Isitoshe, utayari wa kijana hautegemei kijana peke yake. Januari 2010 Mariga alikaribia kujiunga na Manchester City, mpango ukavunjika kwa kukosa kibali cha kazi. Kanuni za Uingereza wakati huo zilitaka mchezaji atoke katika taifa lililo miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwemo. Mguu wake ulikuwa tayari. Nchi yake haikuwa. Mwaka 2022 Kenya ilifungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba kwa sababu ya mvutano kuhusu usimamizi wa soka, na kwa miezi hiyo yote vijana wetu hawakuwa na timu ya taifa ya kuonekania. Wakubwa wanapopigana, zinazoumia ni nyasi za Kamukunji.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Kanuni za FIFA huagiza kwamba mchezaji anapouzwa kimataifa kabla ya kandarasi yake kuisha, asilimia 5 ya ada igawiwe vilabu vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa ada ya pauni milioni 12.5, hiyo ni pauni 625,000. Na kila msimu mmoja kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya pauni 31,250. Hebu fikiria vile fedha za msimu mmoja zingeweza kuifanyia klabu ya mtaa isiyo hata na nyavu za goli! Lakini fedha hizo hudaiwa kwa karatasi. Klabu isiyoandikisha wachezaji wake, isiyohifadhi tarehe zao, haina la kudai. Hapa mwalimu na kocha wa mtaa wanaweza kushirikiana kuanzia leo bila kungoja serikali.

Basi ni lini tutakapomwambia kijana, haya, nenda? Kwa maoni yetu, ni pale atakapokuwa amemaliza masomo ya upili, amefikisha miaka 18, na amecheza angaa msimu mmoja kamili dhidi ya watu wazima, akapigwa viatu akainuka. Awe na kandarasi iliyosomwa na wakili wala si barua ya mwaliko wa majaribio tu. Aende kwanza kwenye klabu atakakocheza, hata ikiwa jina lake halijulikani Nairobi, kuliko kwenda kukaa benchi penye jina kubwa. Akikosa mojawapo ya hayo, mwalimu asione haya kusema bado. Neno hilo halitampendeza mtu siku hiyo, lakini ni wajibu wa mlezi kulisema.

Wazee husimulia kwamba Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, na kwamba jina lake linakumbusha uzito uliokuwa mioyoni mwao walipoamriwa kuhama. Hao hawakupewa nafasi ya kuchagua. Vijana wa leo wanayo. Moyo utoe shauri lake, maana pasipo moyo hakuna mchezaji. Lakini akili nayo ipewe kiti barazani, na mwalimu asikizwe kabla ya wakala.