Mifereji Inamkinga Nani?

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi wakapewa viwanja Mabwepande. Tangu hapo kazi imefanyika, wala si ndogo. Mwaka 2015, chini ya mpango wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu waliungana na wakazi wa Tandale na kata nyingine kuchora ramani ya mitaa yao, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro. Baadaye Mto Ng'ombe ukajengewa kuta za zege.

Lakini kujua mfereji ulipo si kujua nyumba zipi unazikinga. Mwananchi anayetafuta kiwanja Kinondoni au Temeke huona zege akaamini amesalimika. Kumbe kila mfereji husanifiwa kwa mvua ya kiwango fulani, na ukijazwa taka (ndiyo desturi yetu mbaya mjini) haumudu hata hiyo. Tena maji yaliyoharakishwa huku juu humfikia upesi zaidi anayeishi chini.

Manispaa hazina budi kuchora mipaka ya eneo linalokingwa na kila mfereji, pamoja na kiwango cha mvua unachoweza kustahimili. Ramani hizo zibandikwe katika ofisi za Serikali za Mitaa, ambako mauziano mengi ya viwanja hushuhudiwa. Mwenyekiti atakayegonga muhuri bila kumwonyesha mnunuzi ramani awajibishwe.