Kuwahi Kumaliza: Majibu kwa Bango la Nguzoni

Mitaa ya Dar es Salaam haikosi kibango kilichobandikwa kwenye nguzo ya umeme: unawahi kufika kileleni? Piga namba hii. Muuzaji anajua kwamba mteja wake ana aibu, na mwenye aibu haulizi maswali. Basi tumuulizie.

"Mwanaume kamili huenda nusu saa." Alipimwa na nani? Mwaka 2005 Marcel Waldinger na wenzake walichapisha utafiti wa wapenzi wapatao 500 kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani, waliopewa saa ya kuhesabia wenyewe chumbani. Nusu ya wanaume hawakufikisha hata dakika sita tangu kuingia hadi kumwaga. Kwa madaktari, tatizo ni la yule ambaye tangu aanze kujamiiana humaliza ndani ya dakika moja hivi, au aliyekuwa sawa kisha akashuka hadi dakika tatu au pungufu. Hata hapo dakika peke yake hazitoshi: lazima pia ashindwe kujizuia, na hali hiyo iwe inamtesa. Mwenye dakika nne, naye na mkewe wameridhika, anatibiwa nini?

"Ni upungufu wa nguvu za kiume." Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Uume husimama kwa damu kujaa ndani yake. Kumwaga ni kazi ya neva, kwa amri za ubongo na uti wa mgongo, na huko kemikali iitwayo serotonini husaidia kuchelewesha. Ndiyo maana Viagra haimsaidii sana anayewahi, isipokuwa yule anayekimbizana na hofu ya uume kulala. Tena ikikutana mwilini na dawa za moyo za kundi la nitrati, shinikizo la damu laweza kuporomoka hadi kuua. Vumbi linalouzwa kwenye kikaratasi, lisiloandikwa limetengenezwa kwa nini, sina la kulitetea.

"Punyeto imelegeza mishipa." Hakuna mishipa iliyolegea. Dhambi yake kamuulize shehe au padri, lakini kitabibu hoja hii haina miguu. Kinachochekesha ni kwamba zoezi aliloeleza daktari James Semans mwaka 1956 hufanywa kwa mkono: unasisimuliwa hadi ukaribie, unasimama, msisimko unapungua, unaanza tena. Mke akishiriki ni bora zaidi. Linataka wiki kadhaa na uvumilivu wa wote wawili, na wakiliacha mapema, wengi hurudi walikotoka.

"Asiyetahiriwa ndiye anayewahi." Kisumu walilipima hili kwa vijana zaidi ya 2,700, wengine wakitahiriwa mwanzoni na wengine wakisubiri miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: makundi hayakutofautiana.

"Siku saba, unapona kabisa." Daktari mkweli hasemi hivyo. Krimu ya ganzi yenye lidokeini hupakwa dakika chache kabla. Inafutwa au inavaliwa kondomu, la sivyo mke naye anakufa ganzi. Baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini, huchelewesha kumwaga, lakini ni za cheti cha daktari, hunywewa kila siku, na hazikatishwi ghafla. Ukiziacha, tatizo mara nyingi hurudi. Wapo wanaomeza tramadoli kimyakimya kwa sababu nayo huchelewesha. Hiyo inaleta uraibu, na bei yake utailipa muda mrefu.

Aliyekuwa sawa miaka yote kisha akaanza kuwahi asianze na dawa yoyote kabla ya vipimo. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizidisha kazi inaweza kuleta hali hiyo, na ikitibiwa, wengi huona nafuu bila kugusa dawa ya kuchelewesha. Uvimbe wa maambukizi kwenye tezi dume nao huangaliwa, na kisukari pia, kwa kuwa hudhoofisha usimamaji, na anayehofia uume kulala katikati hujikuta anaharakisha. Aende na mkewe ikiwezekana: daktari atauliza mambo ambayo mume peke yake huyajibu nusunusu.