Dawa ya kikohozi ya usiku si sharubati

Watu wengi hununua dawa ya kikohozi ya usiku na kupiga funda moja kwa moja kutoka chupani. Huo ni mchezo wa hatari. Nyingi zina difenhidramini au promethazini, ziletazo usingizi mzito; ukichanganya na bia, hata kupumua kwaweza kukushinda. Dereva wa matatu anayeamka saa kumi alfajiri huenda akashika usukani angali na usingizi wa dawa. Nyingine zina parasetamoli: ukiongeza vidonge vya homa, waweza kupita gramu 4 kwa siku na kuharibu ini. Kijiko cha jikoni (kila nyumba kina ukubwa wake) si kipimo. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kamwe. Nanyi wauza dawa, mbona hamuulizi mnunuzi anatumia dawa gani nyingine?